Boksi Linasema Mara 675: Darubini ya Mtumba Baada ya Miezi Mitano

Nianze na boksi, maana boksi ndilo lililoniuzia. Limechapwa ile picha ya "majabali" ya Carina, wingu la gesi na vumbi huko angani: chini wingu la rangi ya chungwa na kahawia kama milima, juu buluu yenye nyota zilizotapakaa kama chumvi imemwagika. Picha ile ilitoka kwenye darubini ya angani ya James Webb, ikatangazwa Julai 2022, na mimi tangu mwaka huo nimeiweka kwenye kioo cha simu. Wateja wangu kadhaa wameshaniuliza kama ni Usambara jua likizama. Basi siku moja nikaikuta picha hiyohiyo kwenye lundo la vitu vya kontena, kati ya blenda isiyo na jagi na baiskeli ya mtoto. Pembeni, kwa herufi nene: 675X. Muuzaji alitaka laki nne na nusu, tukaelewana laki tatu na nusu. Sikuuliza swali lingine.

Mimi ni fundi wa televisheni na redio, Ngamiani hapa Tanga. Naandika haya kwa sababu kila anayeniona na hii darubini barazani ananiuliza mambo mawili: inaona mpaka wapi, na je, nimeshawaona? Kuwaona wao, yaani hao wa sayari nyingine. Yote mawili nitayajibu, lakini mwenye haraka ya wale wageni itabidi avumilie kwanza habari za skrubu.

Chapa sitaitaja. Hizi darubini zinafanana kama mayai, majina tu ndiyo hubadilishwa ubavuni. Ukikuta yenye kioo cha milimita 114 na urefu wa fokasi (kutoka kioo mpaka pale picha inapokusanyika) milimita 900, ujue ni ndugu wa hii yangu. Ndani ya boksi kuna bomba linalokaribia mita moja, miguu mitatu ya alumini, kitako chenye mkono wa uzito, kidoti chekundu cha kulengea kinachotumia ile betri bapa ya saa, lenzi mbili za kuchungulia (milimita 20 na milimita 4), na kijibomba cha plastiki cha kukuza mara tatu zaidi.

Hesabu ya 675 inatoka hapo. Gawa 900 kwa 4 upate 225, zidisha kwa tatu. Hesabu haina kosa, na bado ni uongo. Kioo cha ukubwa huu, usiku hewa ikiwa imetulia kabisa, kinabeba kama mara 220 tu. Ukizidisha hapo unakuza ukungu. Ni kama kuchukua picha iliyotumwa WhatsApp mara kumi ukaitandaza kwenye televisheni ya inchi 65: imekuwa kubwa, lakini sura ya mtu ndiyo imezidi kupotea. Kijibomba kile nilikijaribu usiku mmoja, kesho yake nikampa mwanangu achezee. Hata lenzi ya milimita 4 ina tundu dogo kama la sindano na jicho linalia machozi. Kinachofaa ni ile ya 20, inayokuza mara 45, pamoja na ya milimita 10 niliyoagiza baadaye kwa elfu sitini. Hiyo inakuza mara 90, na ndiyo ninayoiacha ikiwa imevikwa siku nyingi.

Usiku wa kwanza nyota zote zilikuwa na mikia, kama viluwiluwi kwenye dimbwi. Mtu asiye fundi angeitupa siku hiyohiyo. Tatizo lilikuwa vioo viwili kutotazamana sawasawa, mkubwa wa chini na mdogo wa juu, na safari ya kontena haimwachi mtu alivyokuwa. Nilitoboa kifuniko cha plastiki katikati kabisa, nikakivalisha pale pa kuchungulia, kisha mchana kweupe, bomba likielekea ukutani, nikawa nakaza na kulegeza skrubu tatu za nyuma mpaka miduara yote ikakaa mmoja ndani ya mwingine. Kazi ya dakika arobaini ukiwa na chai pembeni. Grisi ya kwenye gia ilikuwa imeganda kama gundi. Nikaisafisha kwa mafuta ya taa na kupaka nyingine.

Miguu ndiyo aibu ya bidhaa hii. Ukigusa tu kirungu cha kurekebisha picha, Mwezi unacheza ngoma mpaka uhesabu tano. Dawa yake ni dumu la lita kumi la maji, lining'inizwe katikati ya miguu, na miguu yenyewe usiivute mpaka mwisho. Utachungulia umeinama kama anayesaka sindano, ila picha inatulia.

Jambo moja si la mzaha. Kwenye boksi langu kulikuwa na kioo cheusi kidogo kilichoandikwa SUN, cha kufungwa kwenye lenzi ya kuchungulia ili utazame Jua. Nilikipasua kwa nyundo siku hiyohiyo. Kioo kikubwa kinakusanya joto lote la Jua na kulimimina juu ya kile kikaratasi cha kioo, na kikipasuka jicho lako ndilo linalofuata kwenye mstari. Mwaka 2016, Septemba 1, Jua lilipopatwa na watu wakafurika Rujewa, Mbeya, kuona Jua likibaki pete tu, sisi hapa Tanga tulilitazama kwa mikanda ya eksirei. Ujinga mtupu. Tulibahatika.

Haya, inaona nini.

Mwezi, kwanza. Kwa Mwezi tu nusu ya pesa yangu imerudi. Usitazame ukiwa mpevu, unaumiza macho na hauna kivuli. Tazama siku ya saba au ya nane, pale mpakani mwa mwanga na giza, ambapo kila shimo lina kivuli chake cheusi tii. Mashimo yameumana juu ya mashimo kama uji unaochemka ukagandishwa ghafla. Jirani yangu mpika chapati alipochungulia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu kaungua upande mmoja." Siku hiyo foleni ilifika kwenye duka la mkaa.

Zohali, ile sayari yenye pete (Saturn), alinitia wazimu. Nilimlenga Novemba, nimejiandaa kuona pete, mke wangu nimemtoa jikoni aje aone. Hakuna pete. Kuna kijiduara cha rangi ya siagi kilichochomwa sindano nyembamba kulia na kushoto. Nikadhani vioo vimehama tena, nikafungua, nikapanga upya, mawingu ya vuli yakaja, nikasubiri siku nne. Sindano ileile. Ndipo nikaja kusoma kwamba kila miaka kumi na mitano hivi pete zile zinatugeuzia ukingo, na kwa kuwa ni nyembamba mno kulinganisha na upana wake, zinakaribia kutoweka. Mwaka wenyewe ni 2025. Yaani nimenunua darubini mwaka ambao Zohali amevua pete. Hilo siwezi kumlaumu muuzaji, ingawa nilijaribu.

Sayari Mirihi (Mars) sikumpata kabisa, alikuwa amejificha karibu na Jua miezi yote hiyo. Nilisikitika, kwa sababu Septemba 2025 ndiyo ilitangazwa habari ya jiwe lililotobolewa huko na gari la roboti la Wamarekani, Perseverance, lenye madoa waliyoyaita madoa ya chui. Madoa ya aina ile, hapa duniani, mara nyingi huachwa na vijidudu. Wanasayansi wenyewe hawajasema ni uhai. Wamesema inawezekana na wanaomba watu wajaribu kuwapinga. Napenda mtu anayesema hivyo. Fundi anayesema "nadhani ni kapasita, lakini ngoja nipime" ndiye umpe televisheni yako.

Sasa yale mawingu ya rangi. Mjini huwezi, taa za barabarani zimekula anga. Desemba, mwezi umeshazama, nikafunga bomba ndani ya godoro kuukuu, nikalipakia kwenye bajaji ya rafiki yangu, tukashika njia ya Pangani mpaka Tongoni, kwenye yale magofu ya msikiti na makaburi. Giza la huko lina uzito. Nikalenga lile wingu la kwenye upanga wa Orioni, kundi la nyota lenye umbo la mwindaji, wingu maarufu kuliko yote, nikaweka jicho.

Kijivu.

Ukungu wa kijivu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo cha dirisha. Katikati nyota nne ndogo zimekaa kama miguu ya kigoda. Ndivyo tu. Februari nikarudi usiku wa manane kumtafuta Carina mwenyewe, huyo wa kwenye boksi, yuko kusini huku si juu sana. Yeye ni mkubwa zaidi, amejigawa vipande na kuna mfereji mweusi unapita kati, lakini rangi yake ni ileile ya majivu ya jikoni. Yale majabali sikuyaona wala singeweza kuyaona. Nilikaa juu ya dumu langu la maji nikaona nimeibiwa laki tatu na nusu.

Kilichonipoza hasira ni kazi yangu mwenyewe. Televisheni haina rangi ya chungwa. Ina nyekundu, kijani na buluu, basi, chungwa unatengenezewa. Webb ina kioo cha mita 6.5, vipande 18 vilivyopakwa dhahabu, iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na inapokea mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu halina habari nao. Inapiga picha ileile mara kadhaa, kila mara kupitia kichujio tofauti, na kila moja inatoka nyeusi na nyeupe. Halafu mafundi wanakaa mezani: mawimbi marefu wanayapa nyekundu, mafupi wanayapa buluu, wanazipanga picha moja juu ya nyingine. Majirani zangu wanaosema "hizo ni za kuchora" wamekosea, na mimi niliyedhani nitaziona kwa jicho nilikosea pia. Tena jicho gizani halioni rangi vizuri, na haliwezi kukusanya mwanga kwa saa nzima kama kamera. Linapokea na kutupa, linapokea na kutupa.

Kwa hiyo nikachungulia tena lile wingu la Orioni, safari hii bila kulidai kitu. Mwanga wake umesafiri miaka 1,300 hivi. Ulipoondoka kule, msikiti wa Tongoni niliouegemea mgongo ulikuwa bado haujawekwa jiwe hata moja. Na ule mwanga hasa, si nakala yake kwenye simu, umepita bomba langu la mtumba ukaishia kwenye jicho langu. Ndani ya ukungu ule nyota zinazaliwa, na Hubble, darubini nyingine ya angani, imepiga picha za visahani vya vumbi vinavyozizunguka, vya aina inayokuja kuwa sayari. Mimi naona kijivu. Lakini nilikaa nacho mpaka shingo ikakakamaa.

Pale Tongoni kuna mzee aliyeacha bahari kwa sababu ya goti. Zamani alikuwa mvuvi wa dagaa wa karabai. Mvuvi wa dagaa na mtazama nyota wanautaka usiku mmoja, usio na mwezi, kwa hiyo kila nikienda namkuta hajalala, mazoea hayajamwachia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kile kibomba ni cha kupimia nini. Nikamwonyesha Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizobanana. Kwa lenzi ya 20 Kilimia haienei yote, inafurika pande zote, nyota za buluu nyeupe kali kama cheche za kuchomelea. Akanyamaza, kisha akanisomea: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Anajua zinakuja lini na zinaondoka lini kuliko programu ya simu yangu.

Januari nikamwonyesha sayari Mshtarii (Jupiter). Hapa ndipo darubini hii inapopata heshima yake, sikilizeni. Ni kidude cha mviringo chenye mistari miwili ya kahawia, na pembeni nukta nne zimejipanga kwenye mstari mmoja kama shanga. Ni ile miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610, kwa darubini mbovu kuliko yangu. Usiku wa pili zimebadilishana nafasi. Usiku wa tatu moja imepotea, imepita nyuma. Nina daftari la risiti ambalo upande wa nyuma nimechora nukta hizo kwa siku kumi na saba, na inayozunguka kwa siku tatu na nusu nimeizungushia duara. Hiyo ni Europa.

"Ile pale mzee, ya pili," nikamwambia. "Juu barafu tupu, chini ya barafu bahari. Wanakadiria maji yake ni zaidi ya maradufu ya bahari zote za hapa kwetu."

"Maji ya chumvi?"

Nikamwambia ndiyo, chumvi ya mezani kabisa imetambuliwa juu ya ile barafu. Akachungulia tena, muda mrefu, jicho moja kalifumba kwa kiganja.

"Na kuna kupwa na kujaa?"

Sikuwa na jibu, nikalitafuta nilipofika nyumbani. Kupo. Mshtarii anaivuta Europa na kuiachia, inanyumbuka, na msuguano huo ndio unaofanya maji yasigande yote. Nilipompelekea jibu alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kitu anachokijua. "Penye chumvi na kujaa na kupwa," akasema, "hapakosi kitu." Chombo cha Europa Clipper kilirushwa Oktoba 2024, kinafika mwaka 2030. Hakiendi kuvua samaki. Kinaenda kupima kama mahali penyewe panaweza kukalika. Mzee anaona wanapoteza muda, wangetuma mshipi.

Basi lile swali la pili. Desemba kijana mmoja wa mtaani alinijia mbio na video: "Fundi, kuna chombo cha wageni kinakuja, kinaitwa 3I/ATLAS, nionyeshe." Nikamweleza kwamba hiyo ni nyotamkia, iligunduliwa Julai 1, 2025 kutoka Chile, na ajabu yake ni kwamba haikuzaliwa kwenye ukoo wa Jua letu. Ni mgeni wa tatu wa aina hiyo kutambuliwa, baada ya wa 2017 na wa 2019. Ni hafifu mno kwa kioo changu, hasa hapa Ngamiani. Akavunjika moyo, akaondoka bila hata kuangalia Mshtarii. Nadhani wengi tuko kama yeye: kipande cha barafu kutoka jua lingine hakitutoshi mpaka kiwe na dereva.

Mimi sijawaona. Nikikisia, tukipata kitu kwanza kitakuwa cha utelezi, cha kuangaliwa kwa hadubini, na watu wa video watalalamika hakina macho. Jirani yangu maalimu hata hashangai. Anasema kila rakaa tunasoma "Mola wa walimwengu wote", walimwengu, si mlimwengu mmoja. Mwaka 1977 Wamarekani walituma ile sahani ya dhahabu kwenye vyombo viwili vya anga vya Voyager, yenye salamu kwa lugha 55 kwa yeyote atakayeiokota. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kiswahili hakimo. Mpaka leo inaniuma. Salamu mojawapo, ya Wachina wa Amoy, inawauliza huko waliko kama wameshakula. Hiyo tungeisema sisi vizuri zaidi, na sahani ya pilau tungefunika.

Hukumu ya bidhaa, kwa wanaotaka nyota: tatu kati ya tano. Moja naikata kwa miguu, nyingine kwa boksi. Kama unachotaka ni picha, tunza pesa yako, za Webb na Hubble zinatolewa bure na simu yako inatosha. Kama una bisibisi na subira, na unaweza kufika mahali penye giza, bei ya laki tatu na nusu ni ya haki. Laki nne na nusu usitoe. Pwani hii unyevu na chumvi vitaota ukungu kwenye vioo, kwa hiyo kusanya vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvitie ndani ya bomba kila unapolifunga. Vioo usivifute na shati.

Wiki iliyopita nilikuwa kazini, televisheni iko wazi mezani, simu ikalia. Yule mzee wa Tongoni. Baada ya salamu akauliza ile ya maji leo iko upande gani. Nikamwambia asubiri, nikafungua programu. "Kushoto mzee, ya pili kutoka kwa mama yao." Anga ya huko ilikuwa imefunga, akasema, na mimi na bomba langu tuko mjini. Alitaka kujua tu.